Deni la Mwavuli

Wasifu ulikuwa nusu ukurasa.
Alizaliwa mwaka wa njaa, ndiyo maana ya Nanzala,
akabatizwa Dorika, akaolewa, akajaliwa wanne,
akawa fundi wa cherehani sokoni Malava,
akaugua kwa muda mfupi.
Mjukuu aliyesoma alikuwa na haraka,
na kipaza sauti kilikuwa kikikoroma.

Fundi wa cherehani! Dorika,
tangu lini uliipenda ile cherehani?
Uliigeuza meza ya redio na chupa ya chai.
Wewe ulikuwa daktari wa miavuli.

Kwetu mvua haipigi hodi.
Saa tisa ikifika inashuka kutoka upande wa msitu,
tumbili wananyamaza kwanza, kisha mabati yanaitika,
na mji mzima unakimbilia kibaraza chako:
mwalimu na madaftari yake ndani ya koti,
wavulana na miwa waliyochomoa kwenye trela,
mimi na kapu langu la mrenda.
Nawe katikati, spoki ya baiskeli mdomoni,
unaunga ubavu wa mwavuli wa mtu
na kutufokea tusogee, tumekuzibia mwanga.

Kitambaa cheusi kikikosekana hukujali.
Ulitia kiraka cha sare ya shule, cha pazia,
cha kanga iliyobaki na nusu ya jina.
Mzee Shivachi wa kanisa alitembea mwaka mzima
chini ya maneno HASIDI HANA,
na watu wakabaki kuulizana, hana nini?
Ulipoulizwa wewe, ukasema, "Hana mwavuli."

Wasifu haukusema tuligombana.
Msimu mzima wa masika, kwa ajili ya kuku wangu
na vitunguu vyako, hatukusalimiana.
Chumvi tuliombana kwa midomo ya watoto.
Kiburi kikanipeleka hadi Kakamega
kumtafutia mwavuli wangu fundi mwingine;
upepo wa kwanza ukaugeuza bakuli,
mbele ya kibanda chako, mbele ya macho yako.
Nikasimama nimelowa, bakuli langu angani,
kama ombaomba anayekinga mawingu.
Ulicheka hadi ukashika ukuta.
"Trufosa," ukasema, "lete hicho kitu kabla hakijajaa."
Kuku hakutajwa tena.

Wala haukusema juu ya ile miavuli saba
iliyoning'inia juu ya mlango, wenyewe wasirudi.
Mmoja alihamia Kitale, mmoja alifungwa,
watatu tuliwazika, wewe na mimi,
tukiwa na viatu vya kuazima.
Wawili hukuwakumbuka hata sura.
"Uza," nilikuambia, "karo ya mtoto itatoka hapo."
Ukaifuta vumbi kwa upindo wa gauni,
mmoja mmoja, bila haraka.
"Vya watu hivyo."

Siku ya kukuzika tulikuja nayo,
viraka vya pazia, viraka vya sare,
tukailaza mapajani chini ya mahema, tukingoja saa tisa.
Isukuti zikalia. Saa tisa ikafika, ikapita.
Jua likawaka kama lisilojua kitu.
Hata tone, Dorika. Hata tone.

Jana mwanao alinifungulia kibanda.
Panya wameuonja waya wa redio.
Nikahesabu juu ya mlango: minane.
Nikahesabu tena.
Wa nane ni wangu, ule wa mpini wa mbao,
nilioleta wiki moja kabla hujalazwa,
na kikaratasi kwa mwandiko wako
ambao haukuwahi kupatana na jina langu:
TIRUFOSA. UBAVU MOJA. HAMSINI. HAJALIPA.

Nilikuwa na hamsini, imefungwa kwenye pindo la leso.
Mwanao akasema, mama, chukua tu, nani anadai?
Nikautazama. Nikaufuta vumbi.
Nikauacha hapo ulipoutundika.

Mvua ilinikuta darajani.